Mchuzi wa Arletta

Hoyt Grissom hakuwahi kumuuliza mtu kama amemwona mkewe. Alikuwa mjinga kwa mambo mengi, lakini hilo alilijua. Ingia kwenye mji mdogo wa Alabama uanze kuulizia mwanamke, watu watakutazama viatu, watakutazama mikono, kisha watakuambia hawamjui hata mama yao mzazi. Lakini uliza wapi panapikwa chakula cha maana, utaona. Mzee aliyekuwa anasinzia ataamka. Mtu na shemeji yake watagombana mbele yako. Atatokea na wa kukusindikiza mpaka mlangoni, na njiani atakusimulia kuku aliyemla siku waliyomzika baba yake.

Kwa hiyo Hoyt alikula. Tangu Arletta atoroke alikuwa amekula katika kila mji wenye kanisa na kinu cha pamba, akijifanya muuza vipuri vya pampu. Kitambi kilikuwa kimemtoka. Chini ya kiti cha pikapu yake alikuwa na bastola, na kila alipoketi mezani alikuwa anatafuta kitu kimoja tu: mchuzi wa nyanya.

Mchuzi wa nyanya kule hupikwa kila nyumba. Unga hukaangwa kwenye mafuta ya nguruwe, nyanya zikamwagwa humo, basi. Arletta yeye aliuacha unga uende mpaka ukaribie kuungua, pale ambapo mpishi mwoga angekuwa ameshaepua. Ndipo alipotia nyanya, na kijiko cha siki iliyolowekwa pilipili, na kitu kingine ambacho Hoyt hakukijua. Hakukijua kwa sababu hakuwahi kuuliza. Jikoni mle alikuwa na mambo mengine ya kufanya. Mara ya mwisho aliubana mkono wa mkewe kwenye mlango wa oveni mpaka mfupa ukalia, na kosa lenyewe lilikuwa chumvi.

Sasa, wanawake wa kule hawatoi siri ya chungu. Mwanamke atakuazima gauni lake la harusi, atakunyonyeshea mtoto ukiumwa, lakini mwombe akufundishe keki yake, atakueleza kila kitu isipokuwa kitu kimoja. Utarudi kwako ukapike, na miaka kumi baadaye bado utakuwa unajiuliza ulikosea wapi. Mama yake Hoyt alikata roho na siri ya achari yake ya matango, mabinti zake wamezunguka kitanda wakimsihi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Basi hesabu ya Hoyt ilikuwa nyepesi: palipo na mchuzi ule, Arletta yupo. Akimpata atamrudisha nyumbani, na akikataa atamzika. Alilisema hilo mbele ya kaka zake bila hata kupunguza sauti, nao wakaendelea kunywa bia.

Mji wa Tallasha aliuingia siku ya Ijumaa, jua likiwa la utosi. Alisimama kwenye kituo cha petroli cha mzee mmoja mwembamba, Cleve Purvis.

"Mzee wangu, hapa kwenu mtu mwenye njaa anakwenda wapi?"

Cleve aliuacha mpira wa petroli ukining'inia kwenye tangi, akafuta mikono. "Njaa ya namna gani?"

"Ya kweli kweli."

"Basi kwa Dub. Kambare. Asubuhi wako mtoni, mchana wako kwenye karai."

"Usimpoteze mgeni wa watu!" Sauti ilitoka chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki. Ilikuwa ya shemeji yake Cleve, na kilichoonekana ni miguu yake tu. "Dub hajabadilisha mafuta tangu umuoe dada yangu. Mwambie aende kwa Bi Queenie, nyuma ya kinu cha pamba."

"Dada yako mwenyewe anakula kwa Dub."

"Dada yangu alikuchagua wewe, Cleve. Huyo ndiye wa kumwamini kuchagua kitu?"

Hoyt alicheka pamoja nao. Alikuwa na kicheko kizuri, chenye meno meupe, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Arletta tangu mwanzo.

Alianzia kwa Dub, kwa sababu palikuwa karibu. Kambare walikuwa watamu, wakavu nje na laini ndani, na kabichi ilikatwa vizuri. Alionja kila kitu kwa ncha ya ulimi, akakiweka kando kama mtu anayechambua miba. Pembeni yake alikaa Roy Neal Spivey, dereva wa lori la magogo, mtu mnene mwenye maneno mengi na nia njema kwa dunia nzima.

"Ndugu yangu, unakula kama unaogopa sumu," Roy Neal alisema.

"Natafuta mchuzi wa nyanya. Kama wa nyumbani."

"Ah! Hapa hupati. Nenda kwa Bi Queenie." Roy Neal aliweka mkono wake mkubwa juu ya meza, akamsogelea. "Sikiliza nikwambie. Ule mchuzi hakuuanzisha Queenie. Alipewa na mwanamke fulani mpita njia. Nimemwambia mke wangu waziwazi: siku nikimjua huyo mwanamke, naacha nyumba, naacha watoto, naacha lori. Nakwenda kulala mlangoni kwake kama mbwa."

"Mlangoni," Hoyt alisema.

"Mlangoni! Au ndani, akinikaribisha." Roy Neal akapasua kicheko, na watu wa meza ya pili wakacheka naye.

Hoyt aliinua uma akaushusha kwa nguvu zake zote. Meno ya uma yalipita kwenye mgongo wa mkono wa Roy Neal, yakatokea upande wa pili, yakauma ubao wa meza. Roy Neal aliutazama mkono wake. Kicheko kilikuwa bado usoni, hakijapata habari. Kisha akapiga yowe ambalo Dub alilisikia nyuma ya nyumba, alikokuwa anachuna samaki.

"Mke wa mtu ni sumu," Hoyt alimwambia. Alifuta mdomo, akaweka dola zake mezani, akatoka. Mle ndani hapakuwa na aliyeelewa ni mke gani na wa mtu gani. Dub aliingia na kisu mkononi, akauona uma umesimama wenyewe katikati ya damu, akakimbilia simu kumwita naibu sherifu.

Tena masikini Roy Neal alikuwa amelisema lile neno lenyewe: mpita njia. Mtu mwenye masikio angelishika. Lakini Hoyt alichosikia ni mwanamume mwingine kutaka kulala mlangoni kwa Arletta, na hapo masikio yake yalikuwa yameziba.

Mgahawa wa Bi Queenie ulikuwa nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya bluu, wenye meza chache na feni moja iliyolalamika darini. Kwa jina kamili Bi Queenie aliitwa Queen Esther Tolliver. Alikuwa mwanamke Mweusi wa miaka sitini hivi, mwili umejaa, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Wakati wa mama yake, Wazungu walikuja kununua chakula dirishani na kula kwenye magari yao, wakiona haya kuonekana. Siku hizi waliketi ndani pamoja na wengine, wakipigania shingo ya kuku. Chema chajiuza.

"Kaa, mwanangu," alimwambia Hoyt. "Nyama moja, mboga tatu. Kuna kuku, kuna nyama ya nguruwe. Kunde, bamia, viazi vitamu, mboga za majani."

"Mchuzi wa nyanya upo?"

"Huo si mboga. Huo nakupa bure juu ya mkate."

Sahani ilikuja. Hoyt alichovya pembe ya mkate wa mahindi kwenye mchuzi, akaiweka mdomoni.

Ule uchungu wa unga ulioachwa mpaka ukingoni. Ile siki iliyokuja nyuma yake kama mtu anayebisha hodi. Na kile kitu kingine, kile cha chini kabisa, cheusi, kisicho na jina. Hoyt alimwona Arletta akiwa amempa mgongo jikoni kwao, mabega yameinuka kidogo, akisikiliza hatua zake. Alitaka kulia na alitaka kuua, na kwake yeye mambo hayo mawili hayakuwahi kukaa mbali.

Alikula yote. Alifuta sahani kwa mkate, hakuacha tone. Kisha alitoka taratibu kwenye pikapu, akarudi na bastola, akapita kaunta bila kumtazama mtu, akasukuma mlango wa jikoni.

Bi Queenie alikuwa peke yake jikoni, anageuza kuku kwenye kikaango kikubwa cha chuma.

"Yuko wapi?"

"Nani, bwana?"

"Arletta. Mwite atoke."

"Humu kuna mimi na Yesu," Bi Queenie alisema, "na Yesu hapiki."

Hoyt alimpiga na kitako cha bastola mdomoni. Jino la mbele lilivunjika, likaruka kwenye sakafu. Mwanamke aliyumba akashika ukingo wa sinki, damu ikamwagika kwenye aproni yake nyeupe. Huko mbele viti vilianguka. Watu walikuwa wanatoka mbio, mama mmoja akiita watoto wake, kila mmoja kwa majina yake yote matatu.

"Nimekula mapishi ya mkono wake!" Hoyt alipiga kelele. "Usinidanganye! Nimeula mkono wake sasa hivi!"

Alipiga teke mlango wa stoo, ulipokataa akaupiga risasi. Magunia ya viazi yalipasuka. Aliingia akatoka, akavuta pazia la choo, akafungua friji kubwa akaangusha trei za mayai, akapindua pipa la unga kana kwamba Arletta angeweza kujikunja humo. Weupe wa unga ukamfunika mpaka nyusi. Hapakuwa na mtu. Alirudi akamkamata Bi Queenie nywele, akamwegemeza kwenye ukuta na kumkaba kwa mtutu chini ya kidevu.

"Nani aliupika?"

"Mimi."

"Mwongo."

"Mimi, bwana. Alinifundisha. Alishuka kwenye basi, mkono umefungwa kwa kitambaa, ameuficha ndani ya koti na kulikuwa na joto la kuulia nzi. Nikampa kitanda. Alikaa hapa mpaka mfupa ukashika. Siku ya kuondoka akanisimamisha hapo kwenye jiko akanifundisha mchuzi."

"Hakuna mwanamke anayefundisha mchuzi wake."

"Hata mimi nilimwambia hivyo." Alitema damu pembeni. "Nilimsikiliza huku nangojea pale atakaporuka. Nikapika ya kwanza nikionja, nasema moyoni, haya, kitu gani umenificha, binti? Hakuficha kitu, bwana. Alinipa wote mzima. Nikamuuliza unataka nini, akasema hataki kitu, ila nimfundishe kila atakayeuliza. Kila mwanamke. Na hao wafundishe wengine."

Hoyt alikuwa anatikisa kichwa. Jasho lilichora njia kwenye unga usoni mwake.

"Alisema kuna mwanamume atakuja anakula," Bi Queenie aliendelea. "Alisema, huyo hana macho wala masikio, ana ulimi tu. Mwacheni ale. Kila mji aliopita amefundisha. Mimi nimewafundisha akina mama wa kanisa letu, na wao wana dada zao Georgia, wana binti zao Mississippi. Nenda kale, bwana. Utamkuta kila mahali."

Hapo Hoyt alimpiga tena, sikioni, na tena. Alimpiga jinsi mtu anavyopiga mlango uliofungwa na mtu aliye ndani. Bi Queenie alipiga magoti, akainuka kwa kushika jiko. Kuku walikuwa wameanza kuungua kwenye kikaango, na moshi ulijaa chumba.

"Unadanganya," Hoyt alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba. "Kama alikupa wote, kile kingine ni nini? Kile cha chini. Sema."

Bi Queenie alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa limeshafumba kwa uvimbe. Ni wakati huo, alikuja kusema baadaye, alipoacha kumwogopa. Mtu ameharibu nusu ya jiko lake na bado anataka kujua kilichomo kwenye sufuria.

"Kahawa," alisema. "Kijiko cha kahawa iliyobaki asubuhi."

"Kahawa tu?"

"Kahawa tu. Alisema hukuwahi kumuuliza. Ungeuliza angekwambia." Alionyesha sufuria ya mchuzi nyuma ya kikaango. "Hiyo hapo. Inama unuse."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hoyt aliinama. Bastola ilikuwa bado mkononi, lakini macho yake yalikuwa ndani ya sufuria, pua imeshuka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anamsikiliza mpishi. Bi Queenie aliushika mpini wa kikaango kwa aproni yake yenye damu, akakimwaga chote, kuku na mafuta, usoni mwa Hoyt.

Sitaeleza ile sauti. Risasi mbili zilitoka, moja ikapasua jagi la chai, nyingine ikaingia darini. Hoyt alirudi nyuma akaanguka juu ya mayai, akasimama, akaanguka, mkono mmoja ukielea mbele ya uso, ukiogopa kuugusa. Bi Queenie alikuwa hajamaliza. Alimfuata pale chini na kikaango kitupu, akampiga mkono wenye bastola mpaka vidole vikafunguka, akampiga bega, akampiga mbavu, na kila pigo alitaja jina la Arletta. Alipochoka aliisukuma bastola kwa mguu chini ya sinki, akaketi kwenye gunia la viazi. Viganja vyake vilikuwa vimeungua. Miaka michache tu nyuma, mwanamke wa rangi yake angemwunguza hivyo mwanamume Mzungu, jua lisingezama hajaning'inizwa mtini. Alilijua hilo. Alikaa akilingoja.

Naibu sherifu Lamar Biggers alifika akitokea kwa Dub, damu ya Roy Neal ikiwa bado kwenye shati lake. Alikuwa Mzungu aliyekula kwa Bi Queenie tangu mkewe alipofariki. Alimtazama mtu aliyekuwa sakafuni, akatazama stoo iliyotobolewa, kisha akatazama mdomo wa Bi Queenie, na hapo uso wake ukabadilika rangi.

"Ndiye huyu wa uma?"

"Sijui habari za uma," Bi Queenie alisema. "Huyu ni wa mchuzi."

Watu walianza kurudi, wanawake mbele. Walijaa mlangoni, wakaingia mpaka jikoni, wakakanyaga mayai. Mmoja alilowesha taulo akamwekea Bi Queenie shavuni. Hoyt alikuwa haoni. Kope zake zilikuwa zimeshikana na hazingefunguka tena. Kilichobaki kwake ni sauti zao, nazo alizisikia zote.

"Kwa ajili ya mchuzi wa nyanya? Si huu ninaopika mimi?"

"Hata dada yangu anayeishi mji wa Dothan anapika huu huu. Alifundishwa na mwanamke waliyekutana naye kwenye mashine za kufulia nguo."

"Na kahawa?"

"Na kahawa! Mimi nilidhani ni siri yangu."

"Mama mkwe wangu alinipa," mwingine alisema. "Yule mama mkwe wangu, jamani, asiyempa mtu hata maji. Nikashangaa amepatwa na nini."

Hoyt aliugeuza uso wake ulioiva huku na huku. Alikuwa anasaka sauti moja kati ya zile, na kila mojawapo ilikuwa na mchuzi, na hakuna iliyokuwa ya Arletta. Alianza kulia, na machozi yakamchoma kuliko mafuta.

Lamar alichuchumaa karibu naye kungoja gari la wagonjwa. Hakuwa mtu mkatili. Aliuliza alivyozoea kuuliza kila aliyeumia barabarani.

"Jina lako nani?"

"Hoyt Grissom."

"Kuna mtu wa kumpigia simu? Una mke?"

"Ninaye," Hoyt alisema. "Arletta. Arletta Grissom."

"Yuko wapi?"

Hoyt aliugeuza tena uso kuelekea sauti za wanawake.

"Nimekuuliza, bwana. Mkeo yuko wapi?"

Bi Queenie alitoa taulo mdomoni ili aweze kusema vizuri.

"Hana mke, Lamar," alisema. "Alikuwa naye."